Farasi wa Landrova ya Kanisa

Bwana Evanson wa ofisi ya maji aliweka fomu yake juu ya boneti ya Landrova, akaisaka kalamu mfukoni, na mahali palipoulizwa nguvu ya injini akaandika kwa mwandiko mzuri sana: Haijulikani.

Mwalimu Kaluki alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akasoma.

"Haijulikani kwa nani?" akauliza.

Evanson aligeuka. Alikuwa kijana mpole, shati lake limepigwa pasi, na hakuwa amezoea kusomewa karatasi zake na watu. "Kwa ofisi, mwalimu. Gari hili halina vitabu. Injini imebadilishwa mara mbili. Pampu hii inataka farasi kumi na wawili, na sheria inasema isifungwe kwa injini iliyo chini ya farasi kumi na tano. Mimi nitajuaje kama hii inao?"

"Ipime."

"Injini hupimwa kwa mashine, na mashine iko Nairobi." Akaikunja fomu. "Msubiri. Mwaka ujao wa fedha pengine mtapata injini ya serikali."

Hapo ndipo wanawake walioketi kwenye ukingo wa mtaro walipoanza kunung'unika. Mtaro huo waliuchimba wenyewe. Walikuwa sitini na wawili, kikundi cha mwethya, yaani watu wa kusaidiana kazi kwa zamu, na kwa miezi minane walikuwa wamekwenda na majembe kila Jumanne na Alhamisi, kutoka mto wa mchanga hadi kilimani penye zahanati, juu ya soko la Kalamba. Mabomba yalikuwa yamelazwa. Tangi lilikuwa limejengwa. Pampu ilikuwa imeletwa na wageni wa kanisa, mpya, imepakwa rangi ya kijani, lakini haikuja na injini. Ndipo wazee wa kanisa wakakubali Landrova itumike siku mbili kwa wiki: iinuliwe kwa jeki, gurudumu moja la nyuma livuliwe, na pale kwenye ekseli ufungwe ukanda wa kuzungusha pampu. Kila kitu kilikuwa tayari, mpaka neno hilo moja lilipoandikwa.

Ndululu, mwenyekiti wa mwethya, mama wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alisimama akakung'uta leso. "Kijana wangu, mwaka ujao ni mbali. Sisi tutakunywa nini, karatasi?"

"Mama, sikuitunga mimi hiyo sheria."

"Utarudi lini huku?" Kaluki akamuuliza.

"Wiki tatu. Nina miradi mingine Nzaui."

"Basi iache hiyo fomu bila sahihi. Ukirudi utapewa namba."

Evanson alimtazama mwanamke huyu mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, akatabasamu kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Sawa, mwalimu. Wiki tatu."

Lile tabasamu ndilo lililomkosesha Kaluki usingizi, wala si ile fomu. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne kwa masista, fizikia akaipita vizuri kuliko wasichana wote wa mwaka wake, kisha akaambiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya kufundisha watoto kujumlisha. Miaka kumi na sita alijumlisha. Sasa akafungua sanduku la bati, akatoa daftari lake la zamani, akalipekua hadi ukurasa aliokuwa akiutafuta. Farasi mmoja ni nguvu ya kuinua kilo sabini na tano kwa kimo cha mita moja ndani ya sekunde moja. Basi. Haikusemwa popote kwamba lazima mtu awe Nairobi.

Asubuhi alikwenda kwa mwinjilisti Mulei, aliyekuwa dereva wa Landrova hiyo na mlinzi wake, na mtu wa pekee aliyeruhusiwa kuigusa. Mulei alisikiliza hadi mwisho, huku akipangusa taa kwa kitambaa.

"Mwalimu, gari hili lina farasi sabini na saba. Mzungu aliyetuachia alisema hivyo kwa mdomo wake. Kwa nini tulipime? Zawadi ya Mungu haiwekwi kwenye mizani."

"Hao sabini na saba walihesabiwa injini ikiwa mpya, ikikimbia mbio zake zote. Hatutaizungusha pampu kwa mbio hizo, itapasuka. Nataka kujua ina nguvu kiasi gani leo, kwa mwendo wa pampu."

"Na ikionekana ni wachache?"

Kaluki akaelewa. Mtu huyu hakuogopa mizani, aliogopa jibu. "Ikiwa ni wachache, tutajua ni wachache. Kwani sasa unalala vizuri?"

Mulei akaendelea kupangusa taa. Ilibidi Ndululu aende mwenyewe Jumapili baada ya ibada, amshike mkono mbele ya watu, amwambie, "Mwinjilisti, mimi nimechimba na mgongo huu. Wewe unaombwa ufunguo tu." Kesho yake ufunguo ukapatikana.

Kaluki alipanga kila kitu karibu na ghala la pamba, kwa sababu mizani ilikuwa hapo. Waliiinua Landrova upande wa kushoto nyuma, wakazuia magurudumu mengine matatu kwa mawe makubwa. Gurudumu lililoinuliwa wakalivua, na mahali pake wakafunga puli ya chuma iliyokuwa kwenye kinu kilichokufa cha soko. Puli hiyo ndiyo ambayo ingekuja kuzungusha pampu. Kaluki aliizungushia uzi, akaupima: mita moja na sentimita tisini.

Kisha kamba nene ya mkonge ikapitishwa juu ya puli. Ncha moja ikafungwa kwenye mizani ya pamba, iliyotiwa nanga kwenye nguzo ya ghala. Ncha ya pili ikaning'inizwa mawe yaliyopimwa. Puli ikizunguka, ingeikokota kamba, na mizani ingeonyesha inakokota kwa kilo ngapi.

"Ni kama kumshika ng'ombe mkia," aliwaeleza wanawake. "Ukitaka kujua nguvu yake, mwache akimbie, wewe uvute nyuma. Lakini uvute akiwa bado anakwenda. Akisimama, hujapima kitu."

Mizunguko ndiyo iliyomsumbua. Puli ilikuwa ikienda kasi kuliko jicho. Mwishowe aliomba baiskeli ya karani wa ghala, akaipindua kichwa chini, akafunga kamba nyembamba kutoka kwenye kitovu cha puli hadi kwenye ringi ya baiskeli. Puli ikizunguka mara kumi, baiskeli ilizunguka mara moja. Kwenye spoku akafunga kitambaa chekundu, akamweka mtu wa kukihesabu na saa ya mkono.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mulei alikanyaga mafuta, puli ikalia, kamba kavu ikatoa moshi, na kabla Kaluki hajaisoma mizani, kamba ikakatika kwa mshindo. Mawe yakaanguka karibu na mguu wa karani. Wanaume waliokuwa wakicheza bao kwenye kibaraza cha duka wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mwalimu amempima farasi, farasi amempiga teke!" mmoja akapaza sauti.

Kaluki aliokota kipande cha kamba, akakinusa, akakigeuza. Mashavu yalikuwa yakimwaka. Lakini alipogeuka kuwatazama, aliwatazama mmoja mmoja hadi kicheko kikapungua. "Leteni maji," akawaambia wanawake. "Kamba iloweshwe, na mtu asimame aimwagie muda wote."

"Maji?" Ndululu aliuliza polepole. Kila debe mahali hapo lilikuwa limebebwa mwendo wa saa mbili.

"Ndiyo, mwaitu, mama yangu. Maji."

Ndululu akalitua debe kutoka kichwani mwa jirani yake, akalileta mwenyewe.

Safari hii kamba ilishika. Ilitoa mvuke badala ya moshi. Kaluki aliongeza mawe kidogo kidogo, injini ikanguruma kwa kujikaza, na kila ilipotaka kuzima alipunguza jiwe moja. Kitambaa chekundu kilipita mara arobaini na nane kwa dakika. Maana yake puli ilizunguka mara mia nne na themanini, mara nane kwa sekunde. Mizani ilisema kilo hamsini na nane. Mawe ya upande wa pili yalikuwa kilo kumi na mbili. Akatoa, ikabaki arobaini na sita.

Alipiga hesabu juu ya gunia, kwa chaki. Arobaini na sita mara mita moja na tisini, mara nane, gawa kwa sabini na tano. Farasi tisa na kitu kwenye gurudumu. Kitabu cha ufundi alichokiazima kilisema kwamba kati ya farasi mia wanaotoka kwenye injini, kama themanini na tano ndio hufika gurudumuni. Waliobaki humezwa na gia na msuguano njiani. Akarudi nyuma kwa hesabu hiyo. Kumi na mmoja.

Mulei alizima injini, akashuka, akasimama akitazama ardhi.

"Mwalimu," Ndululu akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "hiyo chaki ni yako. Huwezi kuiandika kumi na tano? Yule kijana atajuaje?"

Wanawake wote walimtazama. Kaluki aliona mikono yao, kucha zilizovunjika kwa mawe ya mtaro, na kwa kitambo alijua jinsi ilivyo rahisi: moja, halafu tano. Akaiweka chaki chini.

"Siwezi," akasema. "Nikiandika uongo, pampu haitasoma niliyoandika. Itavuta maji hadi nusu ya kilima, ikae. Halafu yule atakuja atucheke, na atakuwa na haki ya kucheka. Sitaki awe na haki."

Akamgeukia Mulei. "Mwinjilisti, washa tena. Usikanyage mafuta. Iache ipumue tu."

Injini ikawaka. Kaluki akasikiliza, kisha akamwomba achomoe waya za plagi, moja baada ya nyingine, kwa kitambaa kikavu. Ya kwanza ilipochomolewa, injini ikayumba. Akairudisha. Ya pili nayo ilipochomolewa, ikayumba. Ya tatu ilipochomolewa, hakuna kilichobadilika. Injini iliendelea na mlio wake uleule, tuk-tuk-aa, tuk-tuk-aa.

"Huyu wa silinda ya tatu amelala," Kaluki akasema. "Amelala tangu lini?"

Mulei akaipangusa mikono kwa kitambaa. "Tangu mvua za mwaka juzi," hatimaye akakiri. "Nilidhani nikinyamaza itapona. Wazee wakijua gari ni bovu, wataliuza, nami nitafika vipi kwa watu wangu huko Kathonzweni?" Uso wake ulikuwa na jasho. "Ni vali. Ninajua ni vali."

"Unaweza kuisaga ikae sawa?"

"Nilifanya kazi gereji Emali miaka mitano kabla ya kuokoka."

"Basi isage."

Mulei alifungua injini siku hiyohiyo, mbele ya watu wote, bila kujificha tena. Vali ya silinda ya tatu ilitoka imeungua ukingoni kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Alipata nyingine Emali, akaisaga mahali pake kwa mkono, akiizungusha huku na huku kati ya viganja, siku mbili nzima, akisimama kula tu. Alipoiwasha tena, ule mlio wa kuchechemea ulikuwa umekwisha. Ndululu, ambaye hakujua lolote kuhusu injini, alisema, "Aiya, imeacha kukohoa."

Kaluki hakufurahi mapema. Alisubiri siku ya Evanson, akamtaka apime yeye mwenyewe.

Evanson alifika Alhamisi, saa nne asubuhi, akawakuta wanawake sitini na wawili, nusu ya soko, na Landrova imenyanyua mguu mmoja kama mbwa. Alicheka kidogo. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, aliacha.

"Hii ni nini?"

"Ni mashine ya Nairobi," Kaluki akasema. "Ilikuwa mbali, tukatengeneza ya hapa. Mizani ni ile inayopimia pamba, ina muhuri wa serikali, uangalie. Puli pima mwenyewe, futi yako hiyo mfukoni. Saa tumia yako."

Hakuwa na njia ya kukataa mbele ya watu. Akapima puli, akaandika. Akahesabu kitambaa chekundu kwa saa yake, dakika moja, kisha akahesabu tena kwa kuwa hakujiamini. Arobaini na nane zote mbili. Akainama karibu na mizani, mvuke wa kamba ukimlowesha shati lake la pasi, huku Kaluki akiongeza mawe. Injini ilinguruma, ikazama kidogo, ikashika. Mawe, kilo kumi na nane. Mizani, themanini na nane.

"Sabini," Evanson akasema, kana kwamba anajisemea. Aliwaacha waendeshe nusu saa nzima. Maji ya rejeta hayakuchemka. Mizani haikurudi nyuma.

Kisha akapiga hesabu mwenyewe kwenye daftari lake, na Kaluki alimwachia, akaweka mikono nyuma.

"Farasi kumi na nne na kidogo kwenye gurudumu," Evanson akasema. "Lakini fomu inauliza injini."

"Rudisha waliopotea njiani. Kumi na tano katika mia."

"Nani amesema ni kumi na tano?"

"Kitabu. Lakini kama hukiamini, weka kumi. Unapata ngapi?"

Akaandika. "Kumi na tano na robo tatu."

"Na ukiweka kumi na tano?"

"Kumi na sita, karibu kumi na saba." Akafunga kalamu, akaifungua. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, naye akainua mkono. "Ngojeni. Mimi naamini nilichokiona. Lakini ofisi haiitambui kamba. Hakuna mahali pa kuandika kamba. Nitawapelekea wakubwa, wao wataamua. Miezi miwili, mitatu."

Vigelegele vikakatika. Kaluki akasogea hadi mbele yake.

"Bwana Evanson, pampu hiyo inataka farasi kumi na wawili. Umetuambia mwenyewe. Pampu haifungwi kwenye injini, inafungwa kwenye gurudumu, na gurudumuni umeona kumi na nne kwa macho yako. Ulisema haijulikani, tukaijua. Sasa unasema inajulikana lakini haitambuliwi. Kesho utasema nini? Hatukuombi ruhusa ya kujua tunachokijua."

"Mkifunga bila sahihi, mimi sitakuwepo kuwatetea."

"Tulichimba bila wewe kuwepo," Ndululu akasema. Hakupaza sauti. Akageuka, akainama, akashika ncha moja ya ukanda wa pampu, na wanawake wengine wanne wakaja kushika nyuma yake.

Waliishusha Landrova kwenye jeki, wakairudishia gurudumu lake, wakaiendesha hadi mtoni. Ilikuwa imepita saa saba mchana walipomaliza kuiinua tena na kuifunga. Mulei aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, akaingiza gia. Ukanda uliruka mara moja, wakaurudisha. Uliruka tena, wakasogeza pampu kwa upana wa kidole. Mara ya tatu ulikaa. Pampu ilikohoa hewa, ikatema tope, kisha bomba likawa zito na baridi, na wanawake wakaanza kukimbia kando ya mtaro, wakiweka viganja juu ya viungio, wakipigiana kelele kutoka kiungio hadi kiungio kwamba yamepita hapa, yamepita hapa, yanakuja.

Kaluki hakukimbia. Alibaki mtoni akiitazama injini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mzigo wake. Evanson naye hakuondoka. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, viatu vyake vimejaa mchanga, fomu iko magotini. Kelele kubwa iliposhuka kutoka zahanati, kelele ya watu wengi kwa pamoja, alifuta neno lake kwa mstari mmoja, akaandika juu yake 16, akatia sahihi.

"Nitaandika nilipima mwenyewe," akasema bila kumtazama. "Ni kweli."

"Ni kweli," Kaluki akakubali.

Mwezi uliofuata mwalimu mkuu alimwita ofisini, akampa barua. Kulikuwa na mtu aliyelalamika kwamba mwalimu wa hesabu anaingilia kazi zisizo zake, na alitakiwa aache mara moja. Mwalimu mkuu alisema pole, yeye ni mpeleka barua tu. Kaluki aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Akaomba kalamu, na chini ya barua hiyohiyo akaandika kwamba ameielewa, kwamba Jumatatu hadi Ijumaa ni za serikali, na Jumamosi ni zake. Akairudisha.

Jumamosi hiyo alipanda basi la alfajiri kwenda Kitui, akashuka kijiji cha Tulia mchana, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Akina mama wa huko walikuwa wamesikia habari za pampu. Walikuwa na kisima kirefu na trekta moja kuukuu ya mtu aliyeitwa Kiilu, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, ambaye hata kabla ya kumsalimia mgeni alitangaza kwamba trekta yake ina farasi arobaini na hakuna haja ya mtu kuigusa.

"Inawezekana kabisa, mzee," Kaluki akamwambia. Akatua kikapu chake, akaanza kukunja mikono ya blauzi. "Iwashe tu, nisikie mlio wake."